Ile video ya "wewe ni mtu wa macho ama wa masikio" nimeitoa

Wasee wangu, kama umekuja hapa kuuliza ile video ilienda wapi, hakuna mtu aliiripoti. Nimeitoa mwenyewe, Alhamisi usiku, nikiwa kitandani na simu ikiwa na chaji ya asilimia saba. Ndiyo video yangu iliyoangaliwa zaidi ya zote. Ililipa kodi ya hii bedsita miezi miwili. Kwa hivyo msifikirie nimeitoa nikicheka.

Kwa wale hawakuiona, nilikuwa nimesimama mbele ya pazia langu la kijani nikisema kuna watu wa aina nne duniani: wa macho, wa masikio, wa kusoma na kuandika, na wa mikono. Nikasema ukijua yako utafaulu, usipoijua utateseka. Nikaweka muziki. Mkapenda, mkatumiana kwa magrupu ya shule, mkaniandikia "mimi ni wa mikono hundred pasenti". Nikawaletea sehemu ya pili, hiyo pia imeenda.

Jumatatu msichana mmoja akanitumia ujumbe. Amenipa ruhusa niueleze bila jina wala chuo. Yuko mwaka wa kwanza, anasomea udaktari. Aliandika hivi, kwa ufupi: video yako ilinisaidia kujijua, mimi ni mtu wa macho, kwa hivyo muhula wote nimesoma anatomia kwa video pekee, kitabu sijafungua juu kitabu si staili yangu. Nimepata 34. Sasa nakuuliza, niongeze video ama nibadilishe chaneli?

34 kwa mia. Udaktari unahitaji 50 ndiyo upite.

Niliisoma nikiwa kwa matatu, nikashukia steji mbili mbele ya yangu bila kujua. Kwa sababu mimi nilipata 31, nikiwa na sababu hiyo hiyo, maneno hayo hayo, na hii ni stori sijawahi kuwaambia yote. Mnajua tu kwamba niliacha chuo. Huwa naisema kama mzaha, eti "chuo kiliniacha nikakiacha". Kilichotokea ni hiki.

Nilipata A ya KCSE. Kijijini kwetu hiyo si alama, ni harusi. Mbuzi alichinjwa. Mamangu anauza mitumba sokoni, na kutoka hiyo siku aliacha kuniita kwa jina. Nikawa Daktari. "Daktari, leta maji." "Daktari, umekula?" Wanawake wenzake sokoni wakaanza kunionyesha magoti yao yanayouma, na mimi sijaingia hata darasa moja.

Wiki ya kwanza chuoni tulipewa karatasi ya maswali. Ni ile inaitwa VARK, wengi wenu mmeifanya mtandaoni. Ina maswali 16. Unaulizwa mambo ya kawaida tu, kama venye ungemwelekeza mtu njia: utamchorea ramani, utamweleza kwa mdomo, utamwandikia, ama utampeleka? Mimi nilichora ramani kila mahali. Nikatoka nikiwa mtu wa macho, na karatasi mkononi kama cheti.

Rumeti wangu alitoka mtu wa masikio. Shikilia hapo, nitamrudia.

Nilifanya nini na hiyo habari? Nilinunua kalamu za rangi, seti mbili. Noti zangu zilikuwa nzuri mpaka watu wa darasa walikuwa wanakuja kuzipiga picha. Misuli nyekundu, neva njano, mishipa ya damu nyekundu na buluu, na vitu muhimu sana pinki. Usiku nilikuwa naangalia video za anatomia kwa spidi mara mbili. Unaona yule mwalimu anachora mtandao wa neva za bega? Anaanza na C5, C6, C7, C8, T1, zinaungana, zinaachana, zinaungana tena, mwisho zinatoka zile neva za mkono. Kila mstari rangi yake. Unatingisha kichwa. Unasema naam, naelewa. Kumbe anayeelewa ni yule anayechora.

Sasa mtihani wa anatomia una sehemu moja ya kutisha sana. Mnazunguka meza. Kila meza kuna kitu, pengine mfupa, pengine sehemu ya maiti imechomekwa pini, na swali. Kengele ikilia unahama, hata kama hujaandika kitu. Harufu ya fomalini inakaa kwa pua mpaka unaonja chai ikiwa na fomalini. Nilifika kwa mkono. Pini iko kwa neva nyuma ya kiko. Ni ile ile ukigonga kiko kwa mlango unasikia umeme mpaka kidole cha mwisho. Swali: taja hii neva, na utaje msuli mmoja inaoulisha.

Nilikuwa nimeiona usiku wa kuamkia hiyo siku. Nilijua iko ukurasa wa kushoto, chini, na nilikuwa nimeizungushia pinki. Niliiona ile pinki wazi kabisa. Jina halikuja. Kengele ikalia.

Meza iliyofuata ilikuwa mifupa midogo ya kifundo cha mkono. Iko 8. Nikaandika miwili.

Matokeo yakaja na 31. Lakini kenye nataka mjue si hiyo alama. Ni kile nilimwambia rumeti nikirudi chumbani. Nilimwambia: "Shida ni venye wanafundisha. Mimi ni mtu wa macho, na huyu lekchara anaongea tu." Na niliamini. Niliamini kabisa, buda. Nilikuwa na karatasi.

Rumeti hakusema kitu, alikuwa anakaanga mayai. Halafu, bila kugeuka, akaniuliza: "Hiyo neva ya kiko inaitwa aje?"

Nikamwambia asinisumbue, mimi si mtu wa masikio.

Hebu nimweleze huyu rumeti. Alikuwa ananiudhi sana. Njia yake ya kusoma ilikuwa mbaya kwa macho. Anasoma ukurasa mmoja, anafunga kitabu, anageuza karatasi ya mtihani wa zamani, anaanza kuchora kile anakumbuka kwa kalamu moja ya buluu. Anakosea. Anajitukana kwa lugha ya kwao. Anafungua kitabu, anaangalia pale alipokosea, anafunga, anaanza upya. Baada ya siku tatu anarudia ile ile, kama mtu mwenye deni. Akienda kuoga anajiuliza maswali kwa sauti mpaka watu wa mlango wa pili wanajibu. Na kumbuka karatasi ilisema huyu ni mtu wa masikio! Alikuwa anachora kuliko mimi.

Noti zake zilikuwa takataka. Alipata 68.

Nilipewa sapu, nikaisoma kwa kuongeza rangi. Najua mnacheka. Nilipata 44. Nikaambiwa nirudie mwaka, na karo ya kurudia mwaka haikuwa kwa bajeti ya mitumba. HELB nayo ilikuwa imeshanipa mkopo, ambao mpaka leo unanisubiri kama mjomba mkali kwa lango. Nikajikokota semista moja zaidi, nikaacha. Mamangu aliniita Daktari miezi minne nikiwa nimeshaacha, juu sikuwa na nguvu ya kumwambia. Siku nilimwambia alinyamaza, akakunja nguo zote za kibanda moja moja, hata zile zilikuwa zimekunjwa. Siku hizi ananiita kwa jina. Jina langu kwa mdomo wake linasikika geni.

Sasa, baada ya huo ujumbe wa Jumatatu nilikaa chini nikaanza kusoma hii maneno yenyewe. Kitu ambacho ningefanya kabla ya kushika kamera, najua. Nilichokuta kilinifanya nijisikie mjinga.

VARK ilitoka New Zealand. Neil Fleming alikuwa amefanya kazi ya ukaguzi wa shule, akaona walimu wazuri wakishindwa na wanafunzi wengine na walimu wabaya wakiwapata, akataka kujua kwa nini. 1992 yeye na Colleen Mills wakaandika makala kuhusu hayo maswali. Na kichwa cha hiyo makala chenyewe kinasema si kipimo kingine, ni kitu cha kukuchochea ufikirie venye unasoma. Yaani hata waliokileta hawakusema ni cheti cha kukuambia wewe ni nani. Hiyo sehemu ya cheti tulijiongezea sisi, vyuo na wasee wa mapazia ya kijani.

Kuhusu wanafunzi wa udaktari haswa, utafiti uko mwingi, kila nchi imewapa wanafunzi wake hayo maswali. Mmoja unaotajwa sana ni wa 2006, wa Wayne State kule Detroit, Marekani, wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Zaidi ya 6 kati ya 10 hawakuwa wa aina moja. Walipenda njia mbili, tatu, ama zote nne. Kwa hivyo hata hiyo "mimi ni wa macho" ya kwangu ilikuwa ya wachache.

Lakini swali kubwa si unapenda nini. Kupenda kupo, sikatai. Mimi napenda rangi mpaka leo. Swali ni je, ukifundishwa kwa ile njia unapenda, unashika zaidi? 2008 wanasaikolojia wanne Marekani walipitia utafiti wote walioweza kupata. Walikuwa wanatafuta kitu rahisi: chukua watu wa macho na watu wa masikio, wagawanye bila kuchagua, nusu wafundishwe kwa picha, nusu kwa sauti, wote wafanye mtihani mmoja. Kama hii maneno ni kweli, wa macho watashinda kwa picha na wa masikio kwa sauti. Tafiti nyingi hazikuwa zimefanywa hivyo hata kidogo, na kati ya zile chache zilizofanywa, kadhaa zilionyesha kinyume. Wakaandika kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kufanya shule zitumie pesa kwa hiyo kitu.

Na kuna moja iliniuma zaidi, ya 2018, ya chuo kikuu cha Indiana. Hiyo ilikuwa ya wanafunzi wa anatomia. Anatomia yangu hiyo hiyo. Waliwapa VARK, wakawaambia staili zao na jinsi ya kuzitumia, halafu wakaangalia wanasoma aje nje ya darasa. Wengi hata hawakusoma kulingana na staili yao. Na wale waliosoma kulingana nayo hawakupata alama bora kuliko wengine. Yaani mimi nilikuwa mwaminifu kuliko wale wote na nikaambulia 31.

Nikauliza basi rumeti alikuwa anafanya nini? Nikakuta kina jina na kina miaka mingi, ni kujipima. 2006 Roediger na Karpicke, wa St. Louis, waliwapa wanafunzi makala fupi. Kundi moja wakaisoma mara nne. Kundi lingine wakaisoma mara moja, halafu mara tatu wakaandika kila wanachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne ndio walishinda, asilimia 83 kwa 71. Unaona? Hiyo ndiyo ile saa mbili usiku unajisikia umeelewa kila kitu. Baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40. Waliojipima, 61. Na wale waliosoma mara nne ndio walikuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Nilisoma hiyo sentensi ya mwisho mara kadhaa. Uhakika ulikuwa upande wetu, sisi watu wa kalamu za rangi. Rumeti alikuwa anajitukana kila usiku akidhani hajui kitu.

Na hapa ndipo nimefika nikijichunguza. Mimi sikuchagua macho kwa sababu macho yangu ni makali. Nilichagua kwa sababu kuangalia hakuumi. Ukiangalia video hakuna mtu anakuonyesha kwamba hujui. Ukifunga kitabu na uchukue karatasi tupu, baada ya sekunde kumi umeshajua hujui, na hiyo aibu ni yako peke yako usiku na mayai yanaungua. Ile karatasi ya maswali ilinipa ruhusa ya kukwepa hiyo aibu, tena kwa lugha ya kisayansi. Nikiulizwa swali, mimi si wa masikio. Nikiambiwa niandike, mimi si wa kuandika. Kila kitu kigumu kilikuwa staili ya mtu mwingine.

Halafu fikirieni kazi yenyewe, haki. Mtu wa macho atasikiza moyo aje? Kuna vali inavuja, na hiyo unaisikia kwa stethoskopu, ni sauti. Manjano ya macho ya mgonjwa unaiona. Ini lililovimba unaligusa chini ya mbavu. Historia ya mgonjwa unaiandika kwa faili ili daktari wa usiku aisome. Mgonjwa mmoja, kabla ya saa nne asubuhi, ameshakutaka macho, masikio, mikono na kalamu. Rumeti yuko mwaka wa tano sasa, yuko wodini, na aliniambia hakuna mtu amewahi kumuuliza yeye ni wa aina gani. Wanamuuliza potasiamu ya mgonjwa ni ngapi.

Kidogo tu kabla mniruke kwa komenti. Sijasema mtu ambaye haoni vizuri ama herufi zinamchanganya asisaidiwe. Hiyo ni kitu tofauti kabisa, huyo anahitaji msaada na apewe. Sijasema pia picha hazisaidii. Neva za bega bila mchoro ni mateso, lakini mchoro unamsaidia kila mtu, hata wa masikio, kwa sababu hiyo kitu yenyewe ina umbo. Na wewe lekchara unayesoma slaidi masaa mawili bila kuinua kichwa, usifikirie nimekutetea. Hiyo si staili ya mtu yeyote.

Mtu ataniuliza, wewe uliacha chuo, una haki gani ya kuongea kuhusu udaktari? Swali zuri. Sina. Nina 31 na 44. Lakini nilikuwa na hizo hizo alama siku nilipotengeneza ile video na nyinyi hamkuniuliza, juu nilikuwa nawaambia kitu kitamu. Niliwauzia kisingizio changu nikiwa nimekipaka rangi. Wengi wenu hakijawadhuru, mmecheka mkapita. Lakini yule msichana anasoma kwa pesa za mtu. Kuna mahali mtu anakunja nguo.

Nilifikiria kuiacha tu na kuandika komenti chini yake. Niliandika hata hiyo komenti. Halafu nikajijua. Komenti hakuna mtu anasoma, na pesa zingeendelea kuingia, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu ya kweli. Nikaitoa kabla chaji iishe.

Yule msichana nilimjibu Jumanne. Sikumpa motisha. Nilimwambia asiongeze video na asibadilishe chaneli, achukue ukurasa mmoja wa noti, asome, afunge, aandike anachokumbuka, akague, na arudie Ijumaa. Nikamwambia itaonekana kama hajui kitu na asiogope hiyo. Nikampigia rumeti pia, akakubali kumtumia maswali. Rumeti hakunicheka. Aliniuliza tu, "Ile neva ya kiko inaitwa aje?" Miaka minne, buda, bado ananidai. Nikamwambia alna. Akasema haya.

Jana msichana akanitumia sauti. Alikuwa amejipima neva za fuvu, zile jozi 12, akapata 7, na alikuwa anaongea kama mtu aliyelia kidogo na sasa anacheka. Akasema zamu yangu. Nikamwambia mimi si mwanafunzi tena. Akasema andika tu.

Nikachukua karatasi, kalamu moja. Nikapata 9. Amenitumia zile tatu nilizosahau, na ameniambia atanipima tena Jumamosi.